Theluji ya Fagio na Theluji ya Sepetu: Lahaja Zinavyopima Theluji Nyepesi

Mzee wa milima ya West Virginia akitoka nje asubuhi na kusema kuna "skift", jirani yake ameshapata habari tatu kwa neno moja. Theluji iko chini, haiko tena hewani. Ni nyembamba, majani yanachomoza juu yake. Na ya kuiondolea ni fagio, sepetu ikae ndani. Akisema "flurry", habari imegeuka: theluji ingali juu, inapepea na kuzunguka, na pengine isibaki hata punje ardhini. Kiswahili kinachoandikwa siku hizi kwa wenzetu wanaoishi nchi za baridi hutia maneno yote mawili katika kapu moja, "theluji nyepesi", au huyaita "manyunyu ya theluji". Hilo la pili ni baya zaidi, na nitaeleza kwa nini. Maneno ya kimaeneo ya theluji nyepesi ni vipimo. Anayeyafasiri kama mapambo ya lugha hukitupa kipimo, na msomaji wake ndiye anayeteleza.

"Skift" lina asili ya Uskoti. Huko kitenzi "skiff", pamoja na nduguye "skift", ni kupita juu juu, kugusa kidogo na kwenda zako. Mtoto anayerusha jiwe bapa likadundadunda juu ya maji anafanya kitendo hichohicho. Kutoka hapo neno likachukua maana ya mvua au theluji ya kupita tu. Waskoti waliokuwa wamehamia Ulster, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland, walivuka Atlantiki kwa wingi katika karne ya 18, wakaingilia Pennsylvania, wakateremka na mabonde ya milima ya Appalachia mashariki mwa Marekani, na wajukuu wao wakaendelea magharibi. Neno likaenda nao. Leo linasikika Appalachia, kisha linasikika tena mbali sana, katika majimbo ya milima ya magharibi, na kwa umbo la "skiff" katika nyanda za magharibi mwa Kanada. New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye theluji nyingi kuliko West Virginia, halikushika mizizi. Hili lizingatiwe na kila anayeamini kwamba watu hubuni maneno kwa kadiri ya theluji wanayoipata. Njia ya wahamiaji iliamua zaidi kuliko kina cha theluji.

Ramani ya maneno ya namna hii tunadaiwa na Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaica aliyefundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Kati ya 1965 na 1970 alituma watafiti katika jumuiya 1,002 za Marekani, wengine wakisafiri na kulala katika magari ya kambi, wakiwa na dodoso la maswali zaidi ya 1,600. Juzuu ya kwanza ya kamusi yake ya Kiingereza cha kimaeneo ilitoka 1985. Herufi ya mwisho ilifikiwa 2012, miaka kumi na miwili baada ya yeye kufariki, chini ya mhariri Joan Houston Hall. Ni kazi kubwa, na wengi wa waliohojiwa walikuwa wazee.

Hata hivyo, swali lake kuhusu theluji nyepesi lina kasoro ambayo msemaji wa Kiswahili huiona haraka kuliko Mwingereza. Watu waliulizwa wanaitaje "a very light fall of snow". Neno "fall" hapo lina nyuso mbili. Ni kitendo cha kuanguka, na ni kile kilichokwisha kuanguka kikalala chini. Kwa hiyo mmoja alijibu kwa kutazama angani, akasema "flurry", na mwingine akajibu kwa kutazama uwanja wake, akasema "skift", "skim" au "dusting". Majibu yote yakaingia chini ya swali moja. Anayeisoma orodha ile kama orodha ya visawe amekosea. Ndani yake mna mambo mawili. Kiswahili hakingemwacha mtafiti na utata huo. Kingemlazimisha achague kati ya *inaanguka* na *imeanguka*, kati ya -na- na -me-. Herufi mbili ndani ya kitenzi zinafanya kazi ambayo Kiingereza kinahitaji nomino mpya kuifanya, na nitairudia hoja hii, maana ndiyo hazina yetu katika jambo hili.

Sasa tazama rula inavyosema. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hupima theluji mpya juu ya ubao uliopakwa rangi nyeupe, mraba wa sentimita 40 hadi 60 kila upande, uliolazwa mahali pa wazi. Mpimaji anaweza kuupima na kuufuta hadi mara nne kwa siku, yaani kila baada ya saa sita, si zaidi, kwa sababu kila ukiufuta unaizuia theluji isijikandamize yenyewe na jumla inavimba. Kipimo husomwa kwa sehemu ya kumi ya inchi, milimita mbili na nusu hivi. Kilicho chini ya hapo huandikwa herufi T tu, ya "trace", yaani dalili isiyopimika. T ya leo ukiijumlisha na T ya jana, jibu ni T. Mwezi wenye siku kumi za namna hiyo, jumla yake ni T ileile. Theluji ikipepea kutwa nzima na kila punje ikayeyuka ilipogusa ubao, nayo pia ni T. Kina cha theluji iliyokwisha kutulia ardhini husomwa kwa inchi nzima, na chini ya nusu inchi kinaandikwa vilevile T.

Maana yake ni kwamba karibu kila kitu ambacho lahaja hutofautisha kinaingia ndani ya herufi moja. Flurry isiyogusa chini ni T. Skift iliyotanda barabarani, tayari kuganda, mara nyingi ni T. Simlaumu mpimaji, rula haiwezi kusoma zaidi. Lakini anayedhani kwamba neno la kitaalamu daima ni sahihi kuliko neno la bibi kizee wa mlimani hajaipima theluji nyepesi kwa mkono wake.

Na kuipima ni kazi ya kukera. Ubao ukiwekwa juu ya majani marefu, theluji iliyo jirani yake inakaa juu ya ncha za majani huku chini kuna hewa, na mpimaji asiye makini huchomeka rula hapo na kupata kina cha uongo. Saruji iliyoshika joto la mchana huyeyusha kila kinachotua, ilhali nyasi za pembeni zimeshakuwa nyeupe. Rula nyingi za dukani hazianzi sifuri kwenye ncha. Kuna kipande kitupu cha milimita kadhaa kabla ya alama ya kwanza, na kwa theluji ya milimita tano kipande hicho kimeshaharibu kila kitu. Kopo la kupimia mvua nalo huvuliwa faneli na bomba la ndani wakati wa baridi, vinginevyo punje hujazana mdomoni na kuziba. Theluji iliyoingia kopo huyeyushwa kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwanza, kisha maji hayo hutolewa kwenye hesabu. Wastani unaotumika sana ni inchi kumi za theluji kwa inchi moja ya maji, lakini theluji kavu ya baridi kali hufika ishirini kwa moja na kupita, na theluji chepechepe hushuka hadi tano. Tena upepo huipitisha theluji kavu juu ya mdomo wa kopo badala ya kuiingiza ndani, kwa hiyo kopo husoma pungufu hasa pale ambapo theluji ni nyepesi.

Kuna mtego mwingine katika neno "nyepesi" lenyewe. Katika taarifa za viwanja vya ndege vya Marekani, theluji huitwa nyepesi kwa kuangalia umbali ambao jicho linaona: zaidi ya nusu maili, kama mita 800. Hicho ni kipimo cha ukali wa kuanguka kwa wakati ule. Hakisemi itaanguka kwa muda gani. Theluji "nyepesi" inayoendelea kwa saa kumi huweza kuacha sentimita kadhaa za kusukuma kwa sepetu. Mfasiri anayeandika "theluji nyepesi" bila kuuliza kama wepesi ni wa ukali, wa muda au wa kina, amemwacha msomaji akisie.

Magazeti hupenda njia ya mkato, nayo ni kuhesabu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, waliokuwa wakiandaa thesaurasi ya kihistoria ya Kiskoti, walitangaza kwamba wamekusanya maneno 421 yanayohusu theluji, na mara moja vichwa vya habari vikawashindanisha Waskoti na Wainuiti, wenyeji wa Aktiki wanaovumishiwa kuwa na maneno mengi mno ya theluji. Shindano hilo halina maana. Mwanaanthropolojia Franz Boas, alipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1911, alitaja mizizi minne tu ya Kiinuiti: theluji iliyo ardhini, theluji inayoanguka, theluji inayopeperushwa na upepo, na rundo la theluji lililosukumwa na upepo. Hoja yake ilikuwa juu ya namna lugha inavyokata vitu, na idadi haikumhusu. Waliomfuata wakaongeza namba kila waliposimulia, mpaka mwanaanthropolojia mwingine, Laura Martin, alipoufuatilia uvumi huo na kuueleza mwaka 1986. Tena lugha inayojenga neno kwa kuunganisha viambishi haihesabiki hivyo. Chukua mzizi wetu wa *nyunya*: nyunyiza, nyunyizia, nyunyiziwa, mnyunyizo, manyunyu. Ni maneno matano au ni moja? Jibu lolote utakalotoa halitakusaidia kujua kama barabara inateleza.

Chenye faida ni kutazama neno moja la mahali pamoja na kuuliza linatenga nini. Kiskoti kina "flindrikin", kijitheluji cha kupita. "Feefle", theluji inavyozunguka kwenye kona ya nyumba. Na "spitters", matone au punje ndogo za mvua au theluji zinazosukumwa na upepo. Visiwa vya Shetland vina "flukra", theluji inayoanguka kwa mapande makubwa bapa kama magamba. Neno hilo la mwisho ni kipimajoto. Punje za theluji hushikana na kuwa mapande makubwa pale hewa inapokaribia nyuzi sifuri, kwa sababu uso wa punje una unyevu wa kunatia. Kukiwa na baridi kali, kila punje huanguka peke yake, kavu, na hupulizika kama unga. Msemaji wa Shetland anaposema flukra ameshakuambia, bila kipimajoto, kwamba ikitua itakuwa ya majimaji.

Newfoundland, mashariki mwa Kanada, wavuvi wana "dwy". Ni theluji au mvua inayotokea baharini ghafla pamoja na upepo, inafunika kila kitu kwa dakika chache, kisha jua linarudi. Kwa rula huenda ni kidogo sana. Kwa mtu aliye ndani ya mashua ni jambo la kufa na kupona, kwa kuwa haoni ufuko. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilikuja kuitolea hatari ya namna hiyo tahadhari maalumu nchi nzima mwaka 2018, baada ya kutambua kwamba theluji ya dakika ishirini yenye upepo mkali, ambayo haiachi hata sentimita tano, husababisha magari kugongana kwa mfululizo kwenye barabara kuu. Wavuvi walikuwa na neno lake siku nyingi.

Japani mfano ninaoupenda kuliko yote ni "kazahana", kwa tafsiri ya moja kwa moja maua ya upepo, neno linaloambatana hasa na mkoa wa Gunma. Pepo za majira ya baridi kutoka Siberia huchota unyevu Bahari ya Japani na kuumwaga kama theluji kubwa upande wa Niigata, mkoa wa pwani ya bahari hiyo. Zikivuka milima, mawingu yamekwisha, lakini punje chache huchukuliwa na upepo hadi upande wa pili na kupepea chini ya anga la buluu lenye jua. Theluji bila wingu. Hakuna rula itakayoisoma. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuiona akilini bila shida akikumbuka msufi wakati wa kiangazi, maganda yakipasuka na sufi ikipeperuka juani, isijulikane imetoka mti upi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, nacho hakiingii mikono mitupu. Tuna majina mawili makuu na yote yamesafiri. *Theluji* ni Kiarabu, *thalj*, ambalo kwa Waarabu ni theluji na pia barafu. Mswahili wa Muscat hutia *thalj* katika maji yake ya kunywa. *Barafu* limetoka Kiajemi, *barf*, na kule maana yake ni theluji, kwani barafu wanaiita *yakh*. Kwa hiyo neno tulilolitwaa kwa kitu kigumu cha kwenye friza lilianza safari yake likiwa jina la kitu kinachoanguka angani. Mmishonari Johannes Rebmann alipoiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake aliuita weupe ule wa kileleni "baridi" tu. Jibu hilo limedharauliwa mno. Kwa mtu wa kule chini, ambaye kitu hicho hakimwangukii, kitu na hisia yake vinaweza kubeba jina moja bila madhara.

Madhara huanza pale kinapokuangukia. Katika mazungumzo wasemaji wengi, na Wakongomani wengi wakiwamo, husema "barafu" kwa theluji na kwa barafu ya kweli. Tangazo la shule au la manispaa huko Iowa, Michigan au Maine, ambako familia za Wakongomani wanaosema Kiswahili zimepelekwa kuanza maisha upya, likisema "kutakuwa na barafu nyepesi barabarani", limeunganisha vitu viwili vinavyotaka matendo tofauti. Theluji nyembamba unaifagia kabla hujaikanyaga, maana kila nyayo inaikandamiza, na iliyokandamizwa ndiyo inayong'ang'ania saruji. Barafu haifagiki, inatakiwa chumvi, na chumvi ya kawaida hupoteza nguvu barabara ikishuka chini ya nyuzi -9 hivi, hapo mchanga ndio msaada. Tena moja huzaa nyingine: magari ya kwanza asubuhi huyeyusha utando mwembamba kwa joto la matairi, maji yanaganda tena, na saa moja baadaye dereva anaona lami nyeusi akidhani ni kavu. Madaraja hutangulia kuganda kwa sababu hewa baridi inayapiga juu na chini.

Na "manyunyu ya theluji"? Neno *manyunyu* kwetu ni majimaji, matone madogo yanayolowanisha nguo polepole. Hali ya hewa ya nchi za baridi ina kitu kinachostahili jina hilo hasa: matone yasiyofika nusu milimita, yaliyo chini ya nyuzi sifuri lakini bado ni maji, yanayoganda pale pale yanapogusa kitu na kuacha kioo juu ya ngazi na barabara. Hayo ndiyo *manyunyu yanayoganda*, na ni hatari kuliko theluji nyingi. Tukishalitumia neno kwa theluji ya kupepea isiyo na madhara, siku ya hatari tutakuwa tumeishiwa. Kuna kosa la pili ndani ya tafsiri hiyo. Mara nyingi kinachofasiriwa ni "snow showers", na "shower" katika lugha ya watabiri haihusu wepesi. Inahusu kuanza na kukoma ghafla. Watangazaji wa hali ya hewa wa Tanzania wamekuwa na neno la kufaa siku zote, *vipindi*: vipindi vya mvua, vipindi vya jua. Iwe *vipindi vya theluji*.

Kwa theluji inayopepea bila kushika chini napendekeza *rasharasha ya theluji*. Rasharasha ni nyepesi, ina mtawanyiko, haina ahadi ya kulowesha, na huongozana vizuri na kitenzi *kupita*. Kwa ile iliyotulia chini kwa wembamba, *utando wa theluji*. Kila aliyechemsha maziwa anajua utando ni nini, na anajua unakaa juu ya kitu na kukificha, ambavyo ndivyo skift inavyoificha barafu ya jana. Kwa mapande makubwa ya karibu na nyuzi sifuri, *theluji ya sufi*. Pingamizi moja ni la haki: msomaji wa Kivu au Lubumbashi huenda hana rasharasha katika Kiswahili chake, na sufi ni jambo la watu wenye msufi. Kwa hiyo nomino isiachwe peke yake katika tangazo. Ifuatwe na kitenzi kinachosema theluji iko wapi, kwa sababu -na-, -me- na -ta- zinaeleweka kuanzia Lamu hadi Kalemie.

Tangazo la asubuhi moja ya Januari lingeandikwa hivi: "Mchana rasharasha ya theluji itapita, haitashika chini. Jioni vipindi vya theluji vyenye upepo, dereva hataona mbele kwa dakika chache. Asubiri nje ya barabara kuu. Usiku utando wa theluji utakuwa umetanda, chini ya sentimita moja. Ufagieni mapema kabla ya kuukanyaga. Kwenye madaraja utakuwa umeshageuka barafu."